Bakaa ya Mwaka Jana Ndani ya Bajeti ya Mwaka Huu: Mwongozo Kamili kwa Asasi

Mkaguzi amesaini hesabu, na ukurasa wa mapato na matumizi unaonyesha ziada ya shilingi milioni 46. Kabla wiki haijaisha maombi yameshaanza: idara ya miradi inataka pikipiki, mkurugenzi anataka kuongeza mishahara, na mjumbe mmoja wa bodi anauliza kwa nini andiko jipya la mradi linaomba fedha wakati "hela ipo". Mwongozo huu ni kwa mhasibu au mweka hazina wa asasi ya Dar es Salaam anayetakiwa kujibu maombi hayo, kisha kuingiza bakaa (fedha iliyobaki mwaka jana) kwenye bajeti ya mwaka huu bila kumchanganya mfadhili, mkaguzi wala Mamlaka ya Mapato (TRA).

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Ziada ya mwaka jana ni mapato ya mwaka jana. Ukiiandika tena kwenye mapato ya mwaka huu umeihesabu mara mbili, na bajeti yako itaonekana imesimama sawasawa ilhali ina nakisi ndani yake.

Hatua ya kwanza: tafuta kiasi halisi

Kuna tarakimu tatu ambazo watu huzichanganya: salio la benki, ziada iliyo kwenye taarifa ya mapato na matumizi, na fedha huru. Unayoruhusiwa kuitumia kwa hiari yako ni hiyo ya tatu tu, na karibu kila mara ndiyo ndogo kuliko zote.

Tuchukue asasi ya mfano yenye mwaka wa fedha wa Januari hadi Desemba. Tarehe 31 Desemba mizania yake, yaani orodha ya mali na madeni, inasomeka hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

Fedha benki na kwenye simu: 148
Masurufu (fedha walizopewa watumishi kwa safari au kazi, hazijarejeshewa hesabu) na wadaiwa wengine: 12
Pango lililolipwa mbele: 6
Mali za kudumu baada ya uchakavu: 34
Jumla ya mali: 200

Wauzaji, PAYE (kodi ya mishahara) na NSSF (michango ya hifadhi ya jamii) ambavyo havijalipwa: 18
Ruzuku iliyopokelewa, haijatumika: 72
Kiinua mgongo cha mikataba ya wafanyakazi: 10
Jumla ya madeni: 100

Mali halisi, yaani mali ukitoa madeni, ni milioni 100. Anza kupunguza. Toa mali za kudumu 34, maana gari na jenereta havilipi semina, zinabaki 66. Toa pango lililolipwa mbele, zinabaki 60. Kagua masurufu moja moja: kama milioni 5 ni za watu walioacha kazi au safari ambazo stakabadhi zake hazijarejeshwa kwa zaidi ya miezi sita, zitoe, zinabaki 55. Kama bodi ilishatenga milioni 15 za kubadilisha gari, nazo zitoe. Fedha huru ni milioni 40.

Sasa hakiki kwa kuanzia upande wa pili. Fedha taslimu 148, toa madeni yote 100, zinabaki 48. Toa 15 za gari, zinabaki 33. Ongeza masurufu 7 yanayotarajiwa kurejeshwa, unapata 40. Njia mbili zikikupa jibu moja, uko salama. Zikitofautiana, usiende hatua inayofuata. Tatizo mara nyingi ni usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu na taarifa ya benki) wa Desemba ambao haukumalizwa, au hundi iliyoandikwa na haijawasilishwa benki.

Hakiki hiyo ya pili ina faida nyingine, nayo ni kubwa. Kama fedha taslimu ni chache kuliko jumla ya madeni na ruzuku isiyotumika, maana yake fedha za mfadhili mmoja zimeshalipia kazi za mwingine. Hapo hakuna bakaa ya kugawana, hata kama taarifa ya mapato na matumizi inaonyesha ziada nono. Kuna shimo, na kazi ya kwanza ya bajeti ya mwaka huu ni kulifukia.

Na ile milioni 46 ilitoka wapi? Kwa kawaida sehemu yake imekwishageuka vitu. Asasi ikinunua kompyuta na jenereta kwa milioni 20 na kuziandika kuwa mali za kudumu, fedha zimetoka benki lakini kwenye matumizi umeingia uchakavu wa mwaka mmoja tu. Ziada inavimba, mfuko haupo. Sehemu nyingine inaweza kuwa faida ya kubadilisha fedha iliyoandikwa kwenye vitabu bila dola hata moja kuuzwa.

Hapo kwenye dola pana mtego wake. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda kutoka takriban 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Salio la dola 10,000 lililokuwa na thamani ya milioni 27 likawa milioni 24 bila mtu kugusa chochote. Kama bakaa yako iko kwenye akaunti ya dola, ipangie bajeti kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo. Sisi tungeshusha kwa asilimia 5 hadi 10.

Hatua ya pili: kila shilingi na mwenyewe

Gawanya fedha zote katika mafungu matatu. La kwanza ni fedha zenye masharti: mfadhili amesema zifanye nini na kufikia lini. La pili ni fedha zilizotengwa na bodi, kama hizo za gari. Bodi ilizifunga na bodi inaweza kuzifungua kwa azimio jingine. La tatu ni fedha huru: michango isiyo na masharti, ada za wanachama, mapato ya kukodisha ukumbi, na ile sehemu ya gharama za utawala ambayo mfadhili alikulipeni kwa asilimia na ninyi mkatumia chini yake.

Kuna vipengele viwili husahaulika. Riba iliyopatikana kwenye fedha za mradi huenda ni ya mfadhili. Soma mkataba kabla hujaiita yenu. Pili, fedha za kuuza mali iliyonunuliwa na mradi, kama pikipiki kuukuu, mara nyingi zinahitaji kibali chake.

Usiamini kumbukumbu ya mtu kuhusu masharti. Toa mkataba kwenye faili, tafuta kifungu kinachohusu fedha zisizotumika, na uandike pembeni mwa kila salio jibu moja kati ya haya: zirudishwe, zivushwe mwaka unaofuata bila kuomba, zivushwe kwa kibali cha maandishi, au mkataba haujasema. Jibu la mwisho lisichukuliwe kuwa ruhusa. Mwandikie mfadhili uulize.

Hatua ya tatu: omba kibali mapema

Ruzuku ya milioni 72 isiyotumika haiingii kwenye bajeti kwa matumaini. Peleka barua angalau siku 60 kabla mkataba haujaisha, au mapema zaidi kama mkataba unataka hivyo. Barua nzuri haizidi kurasa mbili. Iwe na namba ya mkataba, kiasi kilichobaki kwa sarafu ya mkataba, sababu ya kutotumika, kazi zitakazofanywa na miezi yake, tarehe mpya ya kumaliza mnayoiomba, na jedwali la bajeti lenye safu nne: kilichoidhinishwa, kilichotumika, kilichobaki, kinachopendekezwa.

Kwenye sababu andika ukweli. "Ununuzi ulichelewa miezi minne kwa sababu zabuni ya kwanza ilipata mzabuni mmoja" inaeleweka. "Changamoto mbalimbali za utekelezaji" inamfanya msomaji afikirie mabaya.

Ndiyo ya mdomo kutoka kwa afisa miradi wa mfadhili, hata kwenye WhatsApp, haitoshi. Anayeweza kubadili mkataba ni yule mwenye mamlaka ya kuusaini. Bila karatasi hiyo, mkaguzi ataziandika fedha zilizotumika baada ya tarehe ya mwisho kuwa matumizi yasiyokubalika, nanyi mtazirudisha kutoka kwenye fedha huru.

Dawa inayopendwa mjini kwa tatizo hili ni ile semina ya Desemba: watu sitini wanapelekwa Morogoro siku tatu ili salio liishe. Mfadhili mzoefu huiona mara moja anapopanga matumizi kwa mwezi. Kuomba kuvusha fedha kunaonekana udhaifu, lakini kunakulindieni jina kuliko Desemba iliyobeba theluthi ya matumizi ya mwaka.

Katika mfano wetu, tuseme mfadhili amekubali milioni 60 zivushwe na milioni 12 zirudishwe. Zirudisheni mapema. Zikikaa benki zitaonekana kama hela, na hela inayoonekana hupata kazi.

Hatua ya nne: akiba kwanza, matumizi baadaye

Fedha huru ni milioni 40. Kabla ya kupanga matumizi, piga hesabu ya gharama ambazo lazima zilipwe hata miradi yote ikisimama: mishahara ya watumishi wa msingi, pango, umeme, intaneti, ulinzi, ukaguzi wa hesabu. Katika mfano ni milioni 9 kwa mwezi. Akiba ya miezi mitatu ni milioni 27. Kinachobaki kwa matumizi ya mwaka huu ni milioni 13.

Miezi mitatu ni kiwango cha chini kwa asasi yenye wafadhili watatu au zaidi. Mwenye mfadhili mmoja alenge miezi sita. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, barua za kusitisha kazi zilifika bila notisi ya maana, na mwenye akiba ndiye aliyeweza kulipa mishahara ya mwezi uliofuata.

Kwa hiyo: ziada kwenye karatasi 46, benki 148, na cha kutumia 13. Andaa ukurasa mmoja unaoonyesha safari hiyo ya tarakimu na uupeleke kwenye kikao cha menejimenti kabla ya mjadala wa nani apewe nini. Mabishano mengi yataishia hapo.

Hatua ya tano: lipia mambo yanayoisha

Bakaa ni fedha ya mara moja. Ilipie jambo la mara moja. Nyongeza ya mishahara ni ahadi ya kila mwezi. Ukiilipia kwa bakaa, mwaka kesho unaanza na nakisi ileile na bakaa haipo. Vivyo hivyo kuajiri mtu wa kudumu, au kuhamia ofisi ya pango kubwa Mikocheni.

Matumizi yanayofaa ni vifaa, mfumo wa hesabu, tathmini ya mradi, mafunzo ya wafanyakazi, utafiti wa awali unaotangulia andiko kubwa, au mchango wa asasi ambao mfadhili mpya ameudai. Inaruhusiwa pia kuziba pengo kati ya ruzuku inayoisha Machi na inayoanza Julai, ila tu kama mkataba wa hiyo ya pili umekwisha kusainiwa.

Katika mfano, milioni 13 zinagawanywa hivi: mfumo wa hesabu pamoja na kuhamisha kumbukumbu, milioni 5, kompyuta mpakato tatu za milioni 1.8 kila moja, milioni 5.4, utafiti wa awali wa mradi mpya, milioni 2.6. Bei ziwe na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ndani yake, kwa sababu asasi nyingi hazina msamaha wa kodi hiyo na bei ya mdomo ya Kariakoo mara nyingi haina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa mtaalamu wa utafiti mkazi wa Tanzania, kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kwenye malipo yake. Haiongezwi juu, isipokuwa mkataba mliouandika unasema mtamlipa kiasi kamili mkononi. Hapo gharama inapanda nanyi hamkuipangia.

Wengine huuliza kuhusu bonasi. Asasi isiyo ya kiserikali haigawi ziada kwa wanachama wala wajumbe wa bodi, kwa namna yoyote. Kumlipa mfanyakazi motisha kunawezekana ikiwa sera ya utumishi iliyopitishwa kabla inaruhusu, na malipo yapite kwenye orodha ya mishahara yakatwe PAYE na NSSF. Bahasha ya "asante" ya Desemba ni hoja ya ukaguzi inayojiandika yenyewe.

Hatua ya sita: azimio la bodi

Soma katiba ya asasi ujue nani ana mamlaka juu ya akiba: bodi peke yake, au mkutano mkuu. Kisha pelekeni azimio lenye kiasi, chanzo, kazi, na ukomo wa muda. Mfano:

"Bodi imeidhinisha matumizi ya fedha huru zisizozidi shilingi 13,000,000 kutoka kwenye salio la fedha huru la tarehe 31 Desemba ya mwaka uliopita, kwa ajili ya mfumo wa hesabu (5,000,000), kompyuta (5,400,000) na utafiti wa awali (2,600,000). Idhini hii inakoma tarehe 31 Desemba mwaka huu. Kuhamisha fedha kati ya vifungu hivi kwa zaidi ya asilimia 10 kutahitaji idhini ya mweka hazina kwa maandishi."

Muhtasari uonyeshe akidi ilitimia. Kama mjumbe ana duka la kompyuta na analeta ankara kifani (proforma), atangaze maslahi yake na atoke nje wakati wa uamuzi. Hilo nalo liandikwe.

Kuhusu wakati: bajeti hupitishwa Desemba, hesabu hukaguliwa kati ya Machi na Juni. Usijaze pengo hilo kwa makisio. Pitisheni bajeti ya Desemba bila fedha huru, kisha leteni bajeti ya marekebisho baada ya mkaguzi kutoa rasimu. Kazi isiyoweza kusubiri ipewe sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya makisio, na bodi ijue ni makisio.

Hatua ya saba: iandike mahali pake

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Fedha mbili zilizovuka mwaka zinaandikwa tofauti.

Ruzuku iliyovushwa kwa kibali ilikuwa deni kwenye mizania. Mnapoitumia, inageuka mapato ya mwaka huu. Kwa hiyo milioni 60 zinakaa kwenye mapato, kwa mstari wake wenyewe. Fedha huru zilikwisha kuwa mapato mwaka jana. Zinakaa chini ya mstari wa ziada au nakisi:

Mapato mapya: 310
Ruzuku iliyovushwa kwa kibali: 60
Jumla ya mapato: 370
Matumizi: 383
Nakisi kabla ya kutumia fedha huru: (13)
Kutoka fedha huru, azimio la bodi: 13
Salio: 0

Mstari wa nakisi usifichwe. Watu huona aibu nao, wakaiweka 13 juu kwenye "mapato mengine" ili ukurasa upendeze. Matokeo yake ni kwamba ripoti ya robo mwaka inaonyesha mapato mengine hayajaingia, mkurugenzi anamuuliza mhasibu hela iko wapi, na mfadhili anadhani kuna chanzo mlichokificha.

Kwenye mfumo wa hesabu, iwe QuickBooks au Excel, ongeza msimbo wa chanzo cha fedha unaoitwa kwa mfano "Fedha huru". Kila hati ya malipo inayolipiwa na bakaa ipate msimbo huo pamoja na kasma (kifungu cha bajeti) yake ya kawaida. Usifungue akaunti ya mapato kwa ajili ya bakaa. Kwa ruzuku iliyovushwa, kila mwisho wa mwezi debiti deni la ruzuku na krediti mapato ya ruzuku kwa kiasi kilichotumika mwezi huo, si zaidi.

Kuna jambo litakalomshtua mtu mwishoni mwa mwaka: hesabu zilizokaguliwa hazitaonyesha nakisi ya milioni 13. Kompyuta za milioni 5.4 zikiandikwa kuwa mali za kudumu, kwenye matumizi utaingia uchakavu wake tu. Andaa mapema jedwali dogo linalooanisha bajeti, ambayo inafuata fedha zinazotoka, na taarifa za mkaguzi.

TRA na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali

Kutokuwa shirika la faida hakuifanyi asasi isitozwe kodi ya mapato. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinahusu asasi ambazo Kamishna wa TRA amezitambua kuwa za hisani. Asasi ya namna hiyo hupunguza kwenye hesabu yake ya kodi kiasi ilichotumia kwa kazi za hisani, pamoja na asilimia 25 ya mapato yake. Ziada inayovuka hapo inaweza kutozwa. Kifungu hichohicho kinatoa njia: asasi inayotaka kulimbikiza fedha kwa ajili ya mradi mkubwa unaohusu malengo yake inamwomba Kamishna. Ombi lipelekwe wakati mnalimbikiza, likiwa na azimio la bodi na makisio ya mradi. Kulikumbuka siku ya ukaguzi wa kodi ni kuchelewa. Asasi isiyo na utambuzi huo ina tatizo kubwa zaidi kuliko bajeti, na ionane na mshauri wa kodi kabla ya kukusanya ziada nyingine.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, inadai taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Kwenye taarifa ya mwaka utakaotumia bakaa, weka aya moja inayoeleza kuwa matumizi yalizidi mapato kwa uamuzi, taja tarehe ya azimio na kiasi. Aya hiyo hukuepusheni na barua za maswali.

Katikati ya mwaka

Kila mwezi mweka hazina apate tarakimu nne tu kuhusu bakaa: iliyoidhinishwa, iliyotumika, iliyoahidiwa kwa oda ya ununuzi, iliyobaki. Zile milioni 7 za masurufu zifuatiliwe hadi ziingie. Zisipoingia kufikia Juni, punguzeni matumizi kwa kiasi hichohicho, tena kwa kuanzia na utafiti wa awali, kwa kuwa kompyuta na mfumo huenda vimeshaagizwa.

Fedha mpya zisizo na masharti zikiingia mwaka huohuo, msizitumie kuongeza orodha ya matumizi. Zirudishe kwanza kile kilichochotwa kwenye fedha huru. Na kazi ambayo haijaanza kufikia Septemba ijadiliwe upya: ifutwe au iletewe ratiba yenye tarehe. Kisichotumika kufikia 31 Desemba kinarudi kwenye fedha huru, azimio linakufa, na hesabu ya hatua ya kwanza inaanza upya kwa mizania mpya.